Tamaa Mbele, Mauti Nyuma: Jinsi Wachezaji wa Dungeons & Dragons Wanavyojimaliza Wenyewe Tangu 1974

Waliotazama Stranger Things tangu ilipotoka 2016 wanakumbuka ilivyoanza. Ni Novemba 1983, madogo wanne wamejifungia kwenye chumba cha chini ya nyumba, meza imejaa makaratasi na dadu. Linaibuka dude linaitwa Demogorgon. Zamu ni ya Will. Mmoja anamwambia ajikinge, mwingine anamwambia arushe mpira wa moto, na mwendesha mchezo anawakumbusha kuwa Demogorgon hana muda wa kusikiliza kelele zao. Will anarusha moto. Dadu inadunda, inaruka mezani, inapotelea sakafuni. Ilitakiwa 13 kwenda juu. Imekuja 7.

Mtazamaji wa kawaida anaona bahati mbaya. Mtu aliyewahi kukaa kwenye meza ya mchezo huo anaona jambo lingine kabisa: wamefika mbele ya adui mkubwa kuliko wote, halafu ndiyo kwanza wanaanza kubishana wafanye nini. Dadu ilikuja kumalizia tu kazi ambayo midomo ilishaianza.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, Dungeons & Dragons siyo kama drafti wala ludo. Hakuna mshindi mmoja. Wanakaa watu wanne au watano, kila mmoja na mhusika wake kwenye karatasi: huyu mpiganaji, huyu mchawi, huyu mwizi, huyu kasisi wa kutibu wenzake. Mmoja pembeni ndiye mwendesha mchezo. Yeye anasimulia mnachokiona, anawachezesha maadui wote, na dadu inaamua pale jambo linapokuwa na mashaka. Mnapona pamoja au mnakufa pamoja. Na huko kufa pamoja, kundi zima kufyekwa usiku mmoja, ndiko kunakosimuliwa kuliko ushindi. Wachezaji wana kumbukumbu za misiba yao kama mashabiki wa mpira walivyo na kumbukumbu za fainali walizopoteza. Ukizisikiliza hizo habari vizuri, joka mara nyingi ni msindikizaji tu.

Tuanze mwanzo. Mchezo ulitoka Januari 1974 kwenye mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waliouandika ni wawili, Gary Gygax wa hapo hapo Lake Geneva na Dave Arneson wa upande wa Minneapolis. Toleo la kwanza lilikuwa maboksi 1,000 yaliyopangwa kwa mkono, ndani vijitabu vitatu, bei dola 10.

Wote wawili walitokea kwenye michezo ya vita, ile ya kupanga vijeshi vya kuchezea mezani na kupigana upya vita vya zamani. Huko ukiwa kamanda unaweza kupoteza askari 200 na bado ukaondoka mshindi. Arneson akabadilisha kitu kimoja tu, lakini kizito. Kwenye mchezo wake wa Blackmoor kila mchezaji alikuwa na mtu wake mmoja, na watu hao wakashushwa kwenye mahandaki chini ya ngome. Mtu mmoja, roho moja. Makamanda wa mezani wakajikuta wao ndio askari wa mstari wa mbele, ila kichwani bado ni makamanda. Wanatoa amri ya kushambulia, halafu wanashtuka kumbe wanaoshambulia ni wao.

Sheria za mwanzo zilikuwa na jambo ambalo wachezaji wa leo wakiambiwa hawaamini. Njia kuu ya kupanda ngazi ilikuwa hela, siyo kuua. Kila sarafu ya dhahabu uliyoitoa shimoni ukafika nayo salama ilikuwa pointi moja ya uzoefu. Chukua toleo la wanaoanza la 1981: mpiganaji alihitaji pointi 2,000 kufika ngazi ya pili. Orki mmoja wa kawaida ukimuua ni pointi 10, tena mnagawana kundi zima. Piga hesabu mwenyewe. Kwa njia ya upanga, kila mpiganaji anahitaji mafungu ya maorki 200 ili apande ngazi moja. Kwa njia nyingine, mnalikuta sanduku, mnalibeba kimyakimya, mnakula kona.

Upande wa pili kuna uhai. Mchawi wa ngazi ya kwanza kwenye toleo hilo alirusha dadu ya pande nne kupata pointi zake za uhai, yaani akibahatika sana anazo nne. Akifika sifuri amekufa. Hakuna kuzimia, hakuna kukimbizwa hospitali. Uchawi wake ulikuwa mmoja kwa siku, na akishautumia anabaki mzee mwenye joho na kisu.

Sasa weka hizo namba pamoja na kijana aliyetoka kutazama filamu za mashujaa wa panga. Anaingia shimoni akijua yeye ndiye sterling wa picha. Anamwona goblini, anachomoa upanga. Hajui kwamba kwa viumbe wengi mwendesha mchezo alikuwa anarusha kwanza dadu mbili kuona wageni wamepokelewaje, na shambulio la papo hapo lilikuja tu pale jumla ilipokuwa 2, nafasi moja kati ya 36. Matokeo mengine yote yalianzia kwenye kununa mpaka kwenye urafiki kabisa. Ulikuwa unaweza kuongea na goblini. Kumhonga. Kumuuliza sanduku liko wapi. Lakini kabla maskini hajafungua mdomo, mshale umeshatoka, na nyuma yake kuna ndugu zake 12 wamesikia kelele.

Muda nao ulikuwa na bei. Mwenge uliwaka saa moja tu ya ndani ya mchezo, zamu sita za dakika kumi kumi. Kila baada ya zamu mbili, mwendesha mchezo alirusha dadu ya pande sita. Ikija moja, kuna kiumbe anayezurura amewafikia. Na wazururaji hao kwa kawaida hawakuwa na hazina ya maana, kwa hiyo kupigana nao ilikuwa hasara tupu: damu imetoka, hela haijaingia. Kundi lililosimama mbele ya mlango likibishana nani atangulie lilikuwa linachoma mienge na kuita wageni. Ubishi wenyewe ulikuwa adui wa kwanza, kabla hata mlango haujafunguliwa.

Gygax alijua haya yote. Kwenye kitabu cha wachezaji cha 1978, kuelekea mwisho, aliweka kurasa za ushauri: kubalianeni mnafuata nini kabla ya kuondoka, jiandaeni, shirikianeni, msipigane na kitu ambacho hakiko kwenye lengo lenu. Ushauri wa bure, kutoka kwa mtu aliyeutunga mchezo wenyewe. Shida ni kwamba umewekwa baada ya orodha ndefu za silaha na uchawi, na kijana akishafika kwenye uchawi wa kuunguza watu, nani tena anaendelea kusoma?

Kuna kisa ambacho lazima kielezwe taratibu, maana ndicho kilichozaa jina la mahali panapoogopwa kuliko pote kwenye mchezo huu.

Mwaka 1975, kwenye mkutano wa kwanza wa michezo ulioitwa Origins, mjini Baltimore, Gygax alipeleka kaburi. Linaitwa Tomb of Horrors, na mwaka 1978 likachapwa kama kitabu. Alilitengeneza makusudi kwa ajili ya wachezaji waliokuwa wanatamba kwamba hakuna kinachowashinda. Ndani hakuna majeshi ya kupigana nayo. Kuna kuta, milango, mashimo na mitego, na mwenye kaburi, mchawi mfu anayeitwa Acererak, aliyebaki fuvu tu lenye vito mahali pa meno.

Mwisho wa korido ya kuingilia kuna sura ya shetani wa kijani iliyochongwa ukutani, mdomo wazi, ndani giza totoro. Mdomo huo unatosha mtu kupita. Ni giza la ajabu, kwa sababu ndani yake kuna tufe linalofuta chochote kinachoingia. Halijeruhi. Linafuta. Hakuna mwili wa kuzika wala wa kufufua.

Anaingia mtu wa kwanza. Wenzake wanasubiri. Hakuna sauti. Watu wenye akili timamu wangesema tusimame hapa. Lakini kundi linajiambia: hajapiga kelele, kwa hiyo hajaumia, kwa hiyo ni mlango wa kupelekwa mahali pengine, kwa hiyo tumfuate haraka asije akabaki peke yake huko. Anaingia wa pili. Wa tatu. Simulizi za wachezaji wa zamani zimejaa makundi yaliyokwisha hivyo, mtu mmoja mmoja kama foleni ya kupanda daladala, na mwendesha mchezo akiwa amekaa tu anauliza kwa upole: nani mwingine anaingia? Hakuna aliyefikiria kuchomeka kijiti kwanza.

Ukatili? Labda kidogo. Lakini angalia mwisho wa kaburi lenyewe. Fuvu la Acererak limekaa kwenye chumba chake na halimfanyi mtu chochote mpaka liguswe. Likiguswa linapaa taratibu, linamchagua aliye na nguvu kuliko wote, linamvuta roho na kuifungia kwenye kito. Yaani hata adui wa mwisho, wa kutisha kuliko wote, ameachwa amelala, na kinachomwamsha ni mkono wa mchezaji ambaye hawezi kuona kito akakiacha.

Aliyelipatia kaburi lile ni kijana mmoja wa kundi la Lake Geneva, mmoja wa wale wale waliokuwa wanatamba. Hakuja na mashujaa wenzake. Alikuja na maorki aliowaajiri, akawatanguliza mbele. Mitego ikawala maorki, yeye akawa anajifunza kila kilipotokea kifo. Alipofika chumba cha mwisho na fuvu likaanza kuinuka, hakuchomoa upanga. Alisomba hazina akaijaza kwenye mfuko wake wa kichawi, akatoka mbio. Ni mtu mbaya, hilo halina ubishi. Maorki wake hawakuulizwa maoni. Lakini alikuwa ameusoma mchezo alivyoandikiwa: hela imetoka, roho imetoka, basi.

Kitabu cha 1978 kilikuwa na mtego mwingine, na huu wachezaji waliubeba wenyewe mfukoni. Mpira wa moto. Kila mchawi anauota. Sheria ilisema mlipuko unafuata umbo la mahali: kama nafasi ni finyu, moto unatafuta pa kwenda mpaka ujazo wake utimie, na ujazo huo ni vyumba 33 vya futi kumi kwa kumi kwa kumi. Uwanjani hakuna shida. Sasa urushe kwenye korido ya futi kumi kwa upana na kumi kwenda juu. Moto unahitaji futi 330 za korido, na ukigonga mwisho unarudi ulikotoka, kama maji ya Jangwani yakikosa njia. Ulikotoka ndiko mlikosimama nyinyi. Makundi mangapi yaliungua kwa mkono wa mchawi wao, hakuna aliyehesabu. Sentensi ile ilikuwa ndani ya maelezo ya uchawi wenyewe, mchawi ameruka moja kwa moja kwenye namba za madhara.

Vipo pia vifo vya kuchekesha. Kuna hadithi moja ya miaka ya 1980 ambayo wachezaji duniani wanaijua kama vile watu wanavyoijua hadithi ya sungura na fisi. Jamaa amefika kwenye bustani ya tajiri. Mwendesha mchezo anamwambia: katikati kuna gazebo. Gazebo ni kibanda tu cha kupumzikia, kama vile vya kwenye bustani za hoteli. Jamaa hajui neno hilo, na anaona aibu kuuliza. Anauliza lina rangi gani. Jeupe. Liko umbali gani? Anapewa umbali. Analiita, halijibu. Analipiga mshale, mshale unakwama, lenyewe limetulia. Hapo jamaa anaingiwa na hofu kweli: kiumbe gani huyu anapigwa mshale hata hatingishiki? Anakimbia. Mwendesha mchezo, uvumilivu umemwisha, anamwambia gazebo limeamka, limemkamata, limemla.

Wengi wanacheka ujinga wa jamaa. Lakini meza nzima ilikuwa hapo, na swali moja tu lingemuokoa: gazebo ni nini?

Na kuna ya kichwa. Waliotazama msimu wa nne wa Stranger Things, 2022, wanamjua Vecna. Jina hilo lilikuwepo kwenye mchezo tangu 1976, kilipotoka kitabu chenye masalia yake mawili, Mkono wa Vecna na Jicho la Vecna. Ukitaka nguvu za Mkono, unakata wako unabandika ule. Jicho vivyo hivyo. Miaka mingi baadaye ikaanza kuzunguka mtandaoni habari ya makundi mawili hasimu yaliyokuwa yanacheza ndani ya ulimwengu mmoja. Kundi la kwanza likatunga uvumi kwamba kuna kitu kikubwa zaidi: Kichwa cha Vecna. Wakatafuta kichwa cha kawaida, wakakificha, wakaweka vitego vidogo vidogo ili kionekane cha maana. Kundi la pili likanasa. Inavyosimuliwa, hawakubishana kama kichwa ni cha kweli. Walibishana nani apewe heshima ya kukatwa. Akakatwa wa kwanza, wakambandika, hakuamka. Wakahitimisha kuwa wamekosea utaratibu, wakatafuta wa pili.

Hapo hakuna jini, hakuna joka, hakuna hata dadu iliyorushwa vibaya. Wapinzani wao walitumia uongo mmoja na sanduku.

Baadaye sheria zenyewe zikabadilika, na makosa yakabadilika nazo. Mwaka 1989, kwenye toleo la pili, pointi za dhahabu zikabaki hiari. Mwaka 2000, toleo la tatu likahesabu pointi kwa changamoto mlizozishinda, na kila kiumbe kikapewa namba ya kupima kama kinalingana na uwezo wa kundi. Jambo zuri kwa mwendesha mchezo anayeanza. Ila wachezaji wakajifunza somo la hatari kimyakimya: kama kimewekwa mbele yetu, basi tunakiweza. Kumbe kitabu cha mwendesha mchezo cha toleo hilo hilo kilipendekeza kwamba asilimia 5 ya mapambano yawe makubwa kupita uwezo wa kundi, ya kukimbia tu. Hiyo ilikuwa kwenye kitabu cha mwendesha mchezo. Wachezaji hawakukisoma, na hakuna aliyewaambia.

Toleo la tano la 2014 likaongeza huruma. Ukifika sifuri huishii hapo. Unazimia, unaanza kurusha dadu ya pande ishirini, 10 kwenda juu ni nafuu, chini yake ni hasara, hasara tatu umekufa. Mwenzako akikupa tiba hata ya pointi moja unasimama tena na upanga wako. Basi ukazaliwa mchezo mpya wa kubahatisha: mwache aanguke, tutamwinua. Unafanya kazi vizuri mpaka siku adui mwenye akili anapoamua kumpiga aliyelala. Pigo la karibu kwa aliyezimia linahesabiwa hasara mbili kwa mpigo.

Ilitokea mbele ya maelfu ya watu. Kipindi cha Critical Role, kilichoanza kurushwa mtandaoni 2015, ni waigizaji wa sauti wa Marekani wanaocheza mchezo huu, wakati huo mubashara. Julai 2018 wahusika watatu wa kundi walikuwa wametekwa na wafanyabiashara ya watu, na wachezaji wao hawakuwepo mezani. Waliobaki walikuwa na uchungu na haraka. Wakaamua kuwavizia watekaji barabarani, nusu ya kundi dhidi ya kikosi chenye kiongozi ambaye hawakumjua uwezo wake. Ile sheria ya zamani kuliko zote, msigawanyike, ilikuwa imeshavunjwa na mazingira. Wao wangeweza kusubiri, kumfuatilia, kutafuta msaada. Mambo yakageuka. Molly, kipenzi cha watazamaji, akiwa amebakiwa na uhai kidogo akaamua kumtupia kiongozi yule laana inayomla damu anayeitumia. Laana ikamzimisha mwenyewe. Akaangukia miguuni kwa adui, na adui huyo hakuwa mtu wa kumruka aliyelala.

Watu walilia kweli. Baadaye waliobaki walipata wasaidizi, wakaifuata ngome ya watekaji, wakawatoa wenzao na kummaliza yule kiongozi. Aliyekuwa akimcheza Molly alikuwa amesharudi mezani na mhusika mpya: kasisi mpole anayetunza makaburi, anayewapikia wenzake chai ya majani yaliyoota juu ya wafu.